Uzi Uliokatika Asubuhi

Mmeniomba niandike namna ya kuzuia uzi usikatike kwenye mashine ya kudarizi. Nawaambia mapema kwamba hauzuiliki. Uzi hukatika. Ulikatika siku niliyoanza kazi, ulikatika siku mliponinunulia soda ya kuniaga, na utakatika tena siku mtakayokuwa na haraka kuliko zote. Atakayewaambia ana dawa ya kuukomesha kabisa, huyo ana kitu anataka kuwauzia. Ninachoweza kuwaachia ni namna ya kutafuta kilichoukata, na namna ya kulikataa jibu la kijinga linapowahi kufika kabla ya jibu la kweli. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. La kwanza fundi mwenzenu Dotto analijua na anaweza kuwafundisha bila mimi.

Mambo ya nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitayagusa. Mtayasikia kwa wengine, tena yakiwa yametiwa chumvi vizuri.

Niliingia karakana ya Haji nikitokea barazani, kwenye cherehani ya kukanyaga, kando ya soko la Bariadi, nikishona magauni ya vitenge. Haji alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuja hapa akiwa kijana kutoka Kondoa. Alipoona ofisi za serikali zinaota kila upande na watumishi wanashushwa kutoka mikoa ya mbali, alisema watu hawa na watoto wao watahitaji sare zenye nembo, na kwa nini nembo zikadariziwe Mwanza. Akaileta mashine juu ya lori, imefungwa kwa mablanketi. Ilipowashwa kwa mara ya kwanza nilirudi nyuma mpaka nikagonga ukuta. Nilizoea cherehani inayokwenda kwa mguu wangu. Hii ilikuwa inakwenda yenyewe, na mimi nilitakiwa kusimama kando nikiitazama tu, jambo ambalo lilinichosha kuliko kushona.

Aliyekuja nayo kuifunga aliitwa fundi Eliasi, mzee mfupi asiyecheka. Alikaa nasi mpaka aliporidhika kwamba hatutaiua. Siku uzi ulipokatika kwa mara ya kwanza na taa nyekundu ikawaka, mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye kirungu cha tensheni, kile kinachoukaza na kuulegeza uzi.

"Ondoa mkono hapo," fundi Eliasi aliniambia.

"Si umekaza sana?"

"Nani kakwambia? Umeuliza nini mpaka ukajibiwa hivyo?"

Akanishika vidole, akanipa ncha ya uzi niuvute taratibu kutoka kwenye koni iliyozungushiwa uzi, kituo kwa kituo, mpaka kwenye tundu la sindano. Kila kituo aliniuliza nimesikia nini. Mwanzoni sikusikia kitu. Baadaye nikaanza kuhisi mahali uzi unapita laini na mahali unakwaruza. Hapo ndipo nilipojifunza kazi hii, na mengine yote ni kurudia hapo. Anzeni kwenye koni, tazameni kama uzi haujajizungusha chini ya koni yenyewe. Shukeni nao. Mkifika kwenye sindano, itoeni, msiitazame ikiwa mahali pake. Sindano iliyopinda kidogo haionekani ikiwa imefungwa. Ilazeni kwenye kioo, mtaona mwanga ukipita chini yake. Halafu pitisheni ukucha kwenye tundu la bati lililo chini ya sindano. Sindano ikishawahi kuligonga, inaacha jino dogo pale, na jino hilo litawakatia uzi mwaka mzima ninyi mkizungusha tensheni. Tensheni iwe ya mwisho. Anayeigusa kwanza anaishia na nembo iliyolegea, uzi bado unakatika, na hakumbuki tena ilikuwa wapi alipoikuta.

Kulikuwa na kesi ngumu. Tulipata majoho ya kwaya ya kanisa moja la Lagangabilili, kitambaa kizito chenye kung'aa, na sindano ilikuwa inapata moto mpaka uzi unayeyuka pale pale kwenye tundu. Kila aliyepita alikuwa na ushauri. Mchungaji mwenyewe alikuja akatuombea, na tulimshukuru, kisha nikabadilisha sindano nikaweka nene zaidi na nikapunguza mwendo. Kulikuwa pia na koni nyekundu ambazo Haji alizipata kwa bei ya kumfurahisha. Iligundulika kuwa zilikaa dirishani mwa duka fulani zikipigwa na jua mpaka uzi ukawa unakatika hata kwa mkono wa mtoto. Haji alibisha kwamba uzi mwekundu ndivyo ulivyo, una hasira. Niliuvuta mbele yake ukakatika, nikavuta wa kijani haukukatika. Alizichukua koni zake akaenda kuzigawa kwa mafundi wa viatu.

Sasa nifike ninapotaka kufika.

Mayu Wande alikuwa mama mzee aliyetoka Lalago, mjane, anaishi nyuma ya soko na wajukuu wake. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na sisi sote karakana nzima tulimwita hivyo. Alikuwa anakuja asubuhi, anafagia, kisha anakaa kwenye kigoda karibu na mashine akipunguza nyuzi zinazoning'inia kwenye nembo zilizokwisha. Mkasi wake ulikuwa mdogo na hakuwahi kuchana kitambaa cha mtu. Jua likifika utosini anaondoka kwenda kupikia wajukuu. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote, kwa sababu alipikia mabua ya pamba kama wanawake wengi wa huku wasiomudu mkaa, na moshi wa mabua ya pamba hauna huruma. Nalitaja hili la macho kwa sababu kuna watu waliliona kabla ya kuona mkasi wake.

Mwaka mmoja, msimu wa pamba ukiwa umechanganya na asubuhi zikiwa na baridi, tulipokea kazi ya masweta ya shule moja ya Itilima. Uzi ukaanza kukatika. Sisemi ule wa kawaida. Nembo moja ilikuwa haiishi bila taa nyekundu kuwaka na kuwaka tena, na uzi ulikuwa unatoka umechanikachanika, kama umetafunwa. Ajabu yake ni kwamba mchana mashine ilitulia ikafanya kazi vizuri mpaka jioni. Kesho yake asubuhi ikaanza tena. Nilipitia njia yote ya uzi. Nilibadilisha sindano. Nilipitisha ukucha kwenye bati, pakawa laini.

Dotto, ambaye si mwanangu ingawa mimi ni mama Kulwa, na ambaye wakati huo tulikuwa tunapokezana mashine, ndiye aliyelitamka. Dotto, najua unasoma hapa, usikunje uso. Ulilitamka kwa utani, na mimi nilikuwepo.

"Mnaona lakini," alisema, "mayu akiwepo uzi unakatika. Akiondoka unashika."

Tulicheka, maana ilikuwa kweli kwamba ndivyo ilivyokuwa. Haji alikuwa mlangoni na hakucheka. Alikuwa ameshapigiwa simu na mwalimu mkuu kuhusu masweta. Kesho yake asubuhi mayu Wande alipofika na ufagio wake, Haji alimsimamisha barazani, mbele ya wateja na wauza nyanya.

"Mama, pumzika kwanza nyumbani. Tangu uwe unakaa pale karibu na mashine, uzi haushiki."

"Haushiki kwa sababu gani, baba?"

"Mimi sijui sababu. Nasema tu ninachokiona. Ukiwepo unakatika, ukiondoka unashika."

Mayu Wande alimtazama, akaweka ufagio ukutani, akaondoka. Na wale wauza nyanya wakatazamana.

Kama hamjakulia huku mtaona ni jambo dogo, mama mzee kaambiwa apumzike. Waliokulia huku wanajua. Mkoa huu mwanamke mzee mwenye macho mekundu akishasemwa hadharani kwamba akikaribia kitu kinaharibika, maneno hayabaki barazani, yanakuwa ya uchawi, na wapo waliouawa kwa hayo. Jioni ile ile wanawake wa mtaa wake waliwaita watoto wao wasicheze na wajukuu zake. Siku ya pili mama mmoja alimwaga maji ambayo mayu alikuwa amemchotea. Kisha mtu akarusha mawe juu ya bati lake. Nilipokwenda kumwona nilimkuta ameketi ndani mchana, mlango amefunga, na sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu. Hapo nilijua kwamba kinachotafutwa sasa siyo uzi. Ni uhai wa mtu, na umefungwa kwenye mashine yetu.

"Mwadila, mayu," nilimwamkia.

"Mwadila, ng'wanone. Mhola?" akajibu, akiniita mwanangu na kuuliza kama ni salama.

"Mhola duhu," nikasema, ingawa mambo hayakuwa mazuri na wote tulijua.

Nikamweleza wazo langu. Nilikuwa nimelipanga njia nzima. Aje karakana mchana, wakati mashine imetulia, akae kwenye kigoda chake mbele ya Haji na mbele ya wale wauza nyanya, na watu wote waone uzi haukatiki akiwepo. Na asubuhi asije, waone unakatika asipokuwepo. Nilijiona nina akili sana.

Akavuruga kwa kijiti moto uliokwisha kuzimika.

"Ng'wanone, uzi wenu haujawahi kukatika mchana?"

"Unakatika, mayu. Mara mojamoja."

"Sababu gani?"

"Sababu yoyote. Fundo kwenye koni. Sindano imechoka."

"Sasa nikikaa pale watu wote wananitazama, likaja fundo lako hilo, nitamwambia nani ni fundo?"

Akakiweka kijiti chini.

"Mimi siyo wa kupimwa," akasema. "Mimi sijaharibu kitu. Kapimeni chuma chenu."

Niliondoka pale nimekasirika. Mwanzoni nilimkasirikia yeye, kwamba nimemletea mlango wa kutokea na anaufunga. Nilipofika kwenye kona ya msikiti hasira ilikuwa imehama. Alikuwa sahihi kabisa. Mimi ambaye nilijua kuliko wote kwamba uzi hukatika tu, nilikuwa tayari kuuweka uhai wake juu ya uzi usikatike mchana mmoja. Na hata usingekatika, tungekuwa tumekubali kwamba swali lilikuwa na haki ya kuulizwa. Leo amepimwa akashinda, kesho ng'ombe wa jirani anatupa mimba, wanamwita akapimwe tena. Tangu siku ile nimekataa, na ninawaomba mkatae, kumthibitisha mtu kuwa hana kosa kwa kumweka kwenye mizani ya wajinga. Mizani yenyewe ndiyo ya kutupwa.

Basi nikaenda kupima chuma.

Haji alikuwa amekataza mtu yeyote kufungua sehemu ya chini ya mashine, pale penye ndoano inayozunguka na kubeba bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Alisema fundi wa Mwanza atakuja, na fundi wa Mwanza alikuwa anakuja wiki ijayo kila wiki. Nilichukua bisibisi asubuhi, mbele yake. Sikutaka nifanye kwa kujificha kama mtu mwenye kosa.

"Mama Kulwa, nimesema isifunguliwe."

"Nimesikia, Haji."

"Ukiiharibu?"

"Nikiiharibu nitatoka hapa leo na hutanidai wala sitakudai. Lakini sitashona nembo nyingine huku mama wa watu anarushiwa mawe kwa ajili ya kitu ambacho hatujakifungua tukakitazama."

Alisogea kando. Ya mawe alikuwa hajasikia, au alijifanya hajasikia. Nikafungua.

Nikatoa kikombe cha bobini, nikafungua bati, nikaizungusha ndoano kwa mkono. Ilizunguka kwa uzito, ikinata, kama kijiko ndani ya asali. Nilipitisha kidole kwenye njia yake na kidole kikatoka na utando wa manjano, mgumu kidogo, umeshikana na pamba ya uzi na vumbi. Nikakinusa. Harufu yake niliijua tangu utoto, harufu ya jikoni kwa kila mtu wa huku, ya viazi vya kukaanga.

"Dotto," nikaita, "hapa mlitia mafuta gani?"

Dotto akaja, akanusa, akakuna kichwa.

"Yale ya cherehani yaliisha, mama. Si ulikuwa umekwenda msibani Maswa. Haji akasema mafuta ni mafuta, tutumie ya kwenye dumu."

Kwenye dumu kulikuwa na mafuta ya pamba ya kula, yale yanayokamuliwa humu humu mkoani, ambayo Haji pia alikuwa akiwauzia mama lishe. Sidhani kama kuna mahali pengine ulimwenguni mtu angefanya kosa hili. Sisi pamba tunailima, tunaivaa, tunalisha mashudu yake ng'ombe, tunapikia mafuta yake, na tunapika kwa mabua yake. Mtu angeona ajabu gani kulainishia mashine kwa hayo hayo? Ila mafuta ya kula yakikaa juu ya chuma huganda na kuwa gundi. Asubuhi za baridi gundi inakuwa ngumu, ndoano inauvuta uzi kwa nguvu na kuutafuna. Mashine ikishafanya kazi saa kadhaa, chuma kinapata joto, gundi inalainika, uzi unapita. Na mayu Wande alikuwa anakuja asubuhi na kuondoka mchana. Hiyo ndiyo hatia yake yote, kwamba alifika kazini mapema.

Nilisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki, nikarudia mpaka chuma kikang'aa, nikafuta kikauka, nikatia tone la mafuta ya cherehani niliyoyaazima barazani kwa wenzangu wa zamani. Tone, msimimine. Tukafunga. Sikuiwasha. Nilisubiri kesho asubuhi, baridi ikiwa imeingia chumani, maana mchana haungethibitisha kitu. Asubuhi niliiwasha na sweta la kwanza likaisha. La pili likaisha. Katika la nne uzi ulikatika, na Haji akaruka kutoka kwenye kiti. Nikamwonyesha fundo kwenye koni. Nikalitoa, tukaendelea.

Haji alifurahi sana. Alikuwa mtu mwema, nasema hivyo bila kinyongo, na watu wema ndio wanaochosha zaidi wakikosea, kwa sababu wanataka mambo yaishe kwa wema tu. Alimwagiza Dotto apeleke sukari na sabuni kwa mayu Wande na kumwambia arudi kazini.

Nikazima mashine.

"Kuna nini tena?" Haji akauliza.

"Dotto haendi. Utakwenda wewe."

"Mama Kulwa, nina wateja. Si nimempelekea zawadi?"

"Ulimsema barazani au ulimtumia sukari?"

Akaanza kuhesabu masweta.

"Ulimsema barazani, mchana kweupe, watu wakisikia," nikaendelea. "Sukari haisikiki mtaani. Watasema umemwogopa ndiyo maana umempelekea. Nenda mwenyewe, mchana, useme kwa sauti ile ile. Mimi mashine siiwashi mpaka urudi."

Alinitazama muda mrefu. Masweta yalikuwa yamerundikana mezani na simu ya mwalimu mkuu ilikuwa inalia. Mkono wangu ulibaki juu ya swichi. Dotto akasogea akasimama upande wangu. Sikumwomba.

Haji alivaa kofia yake. Tulikwenda watatu kwa miguu kupitia katikati ya soko, na kwa sababu Haji hakuwa mtu wa kutembea kwa miguu, watu walianza kutufuata kujua kuna nini. Tulipofika nyuma ya soko uwanja wa mayu Wande ulikuwa umejaa majirani, hata wale waliowaita watoto wao. Mayu alifungua mlango akasimama kizingitini. Hakutukaribisha ndani.

Haji aliamkia. Akakohoa. Akasema kwamba mashine ilikuwa na tatizo la mafuta, kwamba ni yeye aliyeagiza yatiwe mafuta ya kupikia, na kwamba mama huyu hakuwa na kosa lolote, na alichokisema barazani kilikuwa uongo. Alikisema, kwa kweli, chote. Lakini alikisema akitazama viatu vyake, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Mayu Wande alimwacha amalize. Kisha akainua kidevu kuelekea mwisho wa uwanja, walikosimama wanawake wa mtaa wake.

"Rudia, baba," akasema. "Wale wa nyuma hawajasikia."

Haji akainua kichwa, akarudia.